Winga wa Kulia Aliyehamishiwa Kushoto

Kedrogorsk, 4 Oktoba 1995

Mama Mkubwa,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa karibu na jiko la joto, si juu ya ngazi ukipigilia misumari. Mimi ni mzima. Kifurushi kimefika: soksi, uyoga wa chumvi, na ile jamu iliyovunjika njiani ikalowesha soksi zote. Gleb, mwenzangu wa chumbani hapa kambini, alitaka kuzilamba. Nimemzuia kwa heshima yako.

Huku theluji imeanguka, ikayeyuka, ikaanguka tena, kama mgeni asiye na hakika kama alialikwa. Je, huko mmeanza kutengeneza sanduku, ule uwanja wetu wa barafu wa uani? Waambie watoto wa ua wasing'oe mbao za uzio kuwashia moto kama mwaka jana. Uwanja wa barafu usio na uzio ni dimbwi tu.

Tuna kocha mpya, Trubnikov. Alikaa miaka mitatu ng'ambo akarudi na filimbi ya plastiki, ubao mweupe na neno moja: Tupa. Ukivuka mstari wa kati na kisahani cha hoki kwenye fimbo yako, usikibebe, usimpe mwenzako. Kitupe kwenye kona ya adui, halafu kikimbilie. Siku ya kwanza Gleb alimwuliza, "Kocha, tunakitupa ili iweje?"

"Ili mkikimbilie."

"Lakini nilikuwa nacho!"

"Mizunguko kumi."

Gleb alizunguka uwanja akisema kwa sauti, "Nilikuwa nacho, nilikuwa nacho." Akaongezewa kumi.

Mengine ni ya kawaida. Chakula ni kingi, kabichi ni nyingi zaidi. Ah, na kocha amenihamishia winga ya kushoto, safu ya nne, ile inayoingia uwanjani mwisho. Ni kwa muda tu. Mkataba wangu unaisha msimu ukiisha na ataamua mwezi wa Machi, kwa hiyo huu si wakati wa kubishana na ubao mweupe.

Msalimie jirani yetu Mzee Mukhtar. Mwambie nimemkumbuka kila tulipokunywa chai hapa, maana chai ya hapa angeimwaga.

Wako,
Savely


Nizhny Berezyak, 29 Oktoba 1995

Savushka, mwanangu,

Barua yako imetembea wiki tatu na kufika ikiwa imechoka kuliko mimi. Sisi ni wazima. Mukhtar amestaafu kuendesha winchi ya kiwandani lakini hajastaafu kutoa amri; leo asubuhi alisimama uani akinielekeza namna ya kushika mpira wa maji, kana kwamba mimi sijalijaza sanduku hili maji kila Novemba tangu ukiwa na miaka saba. Tunangoja baridi kali siku tatu mfululizo, ndipo tuanze tabaka la kwanza.

Sasa hilo jambo lako. Umeliandika kama mtu anayesema kuna mawingu. Umehamishiwa kushoto! Wewe unashika fimbo kwa kushoto, na umecheza kulia maisha yako yote. Nilifundisha jiografia, sikufundisha hoki, lakini ramani naijua: ukiwa kulia, fimbo yako inaangalia katikati ya uwanja, na goli liko mbele yako kama dirisha lililo wazi. Ukiwa kushoto, fimbo inaangalia ubao wa pembeni. Amekugeuza uso ukutani kama mwanafunzi mtundu, kisha anakwambia utupe.

Unajua jinsi nyumba hii inavyouchukulia mkate. Haujawahi kutupwa, ukikauka unakuwa kaukau, kaukau zikivunjika zinaingia kwenye supu. Na uani palikuwa na kisahani kimoja. Kimoja, kwa majengo matano. Aliyekirusha nje ya mbao aliingia kwenye theluji hadi kiunoni akakichimba kwa mikono, wenzake wakimwimbia nyimbo za matusi ambazo mimi dirishani nilijifanya sizisikii. Wewe ulichimba mara moja tu. Ulirudi na masikio meupe kama karatasi, nikakusugua kwa mafuta ya bata, na tangu siku hiyo hakuna aliyekunyang'anya wala hukukiachia ovyo. Baadaye watu wa magazeti waliandika kurasa nzima kuhusu "mtindo wa kwetu." Mtindo gani? Ilikuwa ni theluji.

Hata hivyo, kocha ni kocha. Sikwambii umkaidi. Nakwambia tu kwamba nimesoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ilikuwa fupi zaidi.

Usirudi na ngozi wala unyoya, kama wawindaji wanavyotakiana heri. Najua jibu la desturi ni kumwambia anayekutakia heri aende kwa shetani, nami nilikulea usinijibu hivyo. Lisemee moyoni.

Mama yako mkubwa,
Kaleria


Kedrogorsk, 3 Desemba 1995

Mama Mkubwa,

Nisamehe kwa ukimya. Jibu la desturi nimelisemea moyoni, tena kwa sauti ya chini, lakini nahisi ulisikia.

Afya ni nzuri. Gleb anakoroma kiasi kwamba jirani wa chini amegonga dari kwa ufagio, na Gleb, bila kuamka, akajibu, "Ingia." Tulisafiri mashariki kwa ndege iliyokuwa na mbuzi. Sitanii. Mwenye mbuzi alikuwa na tiketi mbili.

Timu inaendelea vizuri. Jumamosi walicheza mchezo mzuri sana, hasa kipindi cha pili. Safu ya nne ilikimbia kama ilivyoagizwa. Kocha aliridhika. Baridi ni digrii thelathini, nyumba tuliyopewa mimi na Gleb ina maji ya moto na bafu refu hata naweza kunyoosha miguu, jambo ambalo katika mji huu ni cheo.

Najua umeona ratiba. Ndiyo, tarehe kumi Februari tutacheza hapo kwenye mji wa mkoa, saa tatu tu kutoka kwako. Ila Mama Mkubwa, usije. Barabara wakati huo ni mbaya, ukumbi wao una baridi kuliko nje, na sisi tutaingia na kutoka bila hata kunywa chai. Nitakuja mwenyewe majira ya joto na tutakaa sana.

Sanduku limeganda vizuri? Hujaniambia.

Savely


Nizhny Berezyak, 27 Desemba 1995

Savely mpendwa,

Anayeandika ni mimi Mukhtar, lakini anayesema ni Mwalimu. Anasema amepata kibanzi kwenye kidole na hawezi kushika kalamu. Ameniamuru niandike neno kwa neno na nisiongeze langu. (Naongeza hili moja: kwa mwandiko wangu, uniwie radhi. Nilizoea usukani wa winchi.)

Mwalimu anasema: Sisi ni wazima. Heri ya Mwaka Mpya. Mti wa sherehe ni mdogo mwaka huu lakini umenyooka. (Umepinda.) Sanduku limeganda vizuri sana, tabaka sita, watoto wanateleza tangu asubuhi mpaka mama zao wanapopoteza sauti.

Anasema: Kuhusu Februari, usiwe na wasiwasi, hata hivyo nisingeweza kuja. Siku hiyo kuna mkutano wa walimu wastaafu wa jiografia wa wilaya nzima, nami ndiye mwenyekiti. (Wilaya nzima ina mwalimu mstaafu wa jiografia mmoja. Amenisikia nikicheka. Anauliza nimeandika nini. Nimesema nimeandika "mwenyekiti.")

Anasema: Nimesoma kwamba Jumamosi "walicheza" mchezo mzuri. Nilifundisha watoto wengi, Savushka. Mtoto aliyevunja kioo husema "kioo kilivunjika." Mtoto ambaye hakuwepo mchezoni husema "walicheza." Sikuulizi. Nasema tu kwamba nimesoma.

Anasema usirudi na ngozi wala unyoya.

Sasa amekwenda jikoni kuweka birika, kwa hiyo naandika upesi. Hakuna kibanzi. Ni mkono. Ule wa kulia, juu kidogo ya kifundo. Aliteleza mwezi wa Novemba akimwagia maji tabaka la tatu, gizani, baada ya mimi kumwambia angoje nivae buti. Amefungwa plasta hadi kiwiko. Hataki ujue, anasema utaacha msimu na kuja kumpikia uji. Mimi sijakwambia kitu. Birika linal


Kedrogorsk, 18 Januari 1996

Mama Mkubwa,

Pole sana kwa kibanzi. Nasikia vibanzi vya msimu huu ni vikubwa. Vingine, daktari wetu wa timu ananiambia, vinahitaji plasta hadi kiwiko na maziwa mengi na mtu asipande ngazi. Sijui kwa nini nakwambia haya. Nimeona tu niyaseme. Katika kifurushi hiki kuna maziwa ya kopo na jibini. Ni ya mwandishi wako pia, ambaye mwandiko wake ni mzuri kuliko anavyodhani, ila anaishiwa na wino mahali pabaya.

Mkutano wa walimu uende salama. Mwenyekiti asikae karibu na mlango wenye upepo.

Mimi? Niko sawa. Nafanya mazoezi kila siku, asubuhi na jioni. Kwa kweli mazoezini mimi ni wa kwanza kufika. Kuhusu "walicheza" na "tulicheza," Mama Mkubwa, huku tunaandika haraka haraka, hatuna muda wa kuangalia vitenzi.

Gleb anakusalimia. Ameanza kutupa vitu vyote: soksi kwenye kona, halafu anazikimbilia. Anasema anafanya mazoezi ya nyumbani.

Savely


Nizhny Berezyak, 16 Februari 1996

Savushka,

Naandika kwa mkono wa kushoto, polepole, kwa sababu nimemfukuza katibu wangu kazi kwa usaliti. Amefukuzwa kuanzia asubuhi hadi chakula cha mchana, akarudi na mkate.

Wewe uliona barafu. Mimi acha nikwambie jukwaa. Tuliondoka alfajiri ya tarehe kumi na gari la Mukhtar, tukiwa kwanza tumekaa kimya juu ya mabegi kama inavyopasa kabla ya safari, ingawa yeye alikaa kimya kwa shida. Barabara ilikuwa nzuri. Ilikuwa nyeupe, imenyooka, haina hata shimo moja, nimeona nikutaarifu. Tulipata viti nyuma ya benchi lenu, kati ya wenyeji, na pembeni yangu alikaa mama mmoja mwenye chupa ya chai na sauti ya soko la samaki.

"Yule babu mmemleta wa nini?" akapaaza sauti kwenu. "Kulinda maji ya kunywa?"

Nikaangalia ni babu gani. Ulikuwa wewe. Umekaa mwisho wa benchi, jezi imepigwa pasi, kavu kabisa, kipindi cha kwanza na cha pili chote. Nilimwambia yule mama kwamba mtu wa miaka thelathini na mitano si babu.

"Kwa hoki ni marehemu," akanijibu.

Mukhtar akainama mbele. "Dada yangu, huyu ndiye aliyemlea. Na unaona ana plasta. Plasta ni silaha."

Yule mama alinitazama, akatazama plasta, akanimiminia chai. Tukawa marafiki. Akaendelea kukutukana, ila kwa sauti ya chini, kwa ajili yangu.

Nawe ndipo ulipogeuka kuchukua chupa ya maji ukaniona. Uliniangalia usoni, ukaangalia mkono. Mimi nilikuangalia usoni, nikaangalia jezi kavu. Sijui nani kati yetu alikuwa mwekundu zaidi.

Kisha yule kijana wenu wa safu ya nne akapigwa kisahani cha mdomo, na kocha akakuita. Uliruka ubao kama wa miaka ishirini, hilo nimelishuhudia na kila mtu wa mstari ule amelazimika kulisikia. Ukapewa kisahani karibu na mstari wa kati. Beki wao alikuwa amekaa vibaya, uzito wote mguu mmoja. Niliona bega lako likishuka, lile bega ulilokuwa ukilishusha uani kabla ya kumpita mtu. Nikasimama. Kocha wako alipiga kelele "Tupa!" hadi mabango yakatikisika. Bega likapanda tena. Ukatupa.

Na ulitupa vizuri. Ni lazima niseme kweli. Kiligonga ubao mahali pale pale palipotakiwa, mwenzako akakifikia, likawa goli, mkashinda. Wenzako walirukiana. Wewe ulirudi kwenye benchi ukiangalia viatu vyako.

Pale kwenye basi lenu baada ya mchezo hatukusema lolote la maana na bado nayakumbuka yote.

"Ulisema barabara mbaya."

"Ulisema mkutano wa walimu."

"Hujachezeshwa tangu lini?"

"Novemba. Na huo mkono?"

"Novemba."

"Basi tumetoka sare," ukasema, na dereva akapiga honi.

Hatujatoka sare, Savushka. Mfupa wangu unaunga.

Kaleria


Kedrogorsk, 20 Machi 1996

Mama Mkubwa,

Salamu nyingi kwako na kwa katibu, kama amerudishwa kazini. Nafurahi kusikia kwamba plasta inatoka mwezi huu. Msimu umekwisha, tumemaliza katikati ya jedwali, sehemu ambayo hakuna anayelia wala kucheka.

Basi, kweli yote. Tangu katikati ya Novemba hadi wiki ile mliyokuja nilikuwa nakaa jukwaani na koti langu, kama mtazamaji asiyelipa. Ilianza hivi: katika mchezo mmoja kocha alipiga kelele nitupe, nami sikutupa. Sikukusudia kukaidi. Mikono haikujua namna. Nilimpita mmoja, wa pili akaninyang'anya, wakatufunga. Mchezo uliofuata yakawa yale yale. Trubnikov hakunifokea. Alifuta jina langu ubaoni kwa kidole, na kidole kikabaki cheusi.

Baada ya lile goli la huko kwenu mambo yamegeuka. Aliniita ofisini. "Obukhov," akaniita kwa jina la ukoo, "mbwa mzee amejifunza." Amenipa mkataba wa mwaka mmoja: safu ya nne, kushoto, nyumba ile ile yenye bafu refu. Wenzangu wamenipongeza. Hata mpishi wa kambi amenipongeza kwa kipande cha nyama ambacho hakikuwa na mfupa. Na mimi nasikia kama mtu anayesifiwa kwa barua iliyoandikwa na mwingine.

Wiki hiyo hiyo amepiga simu Yevsey Gorin. Unamkumbuka, tulicheza naye timu ya vijana, yule aliyekula bakuli mbili za pelmeni za nyama kwako akaomba ya tatu kwa macho tu. Sasa ni kocha huko Rudnik, daraja la pili. Kiwanda cha mji kinatengeneza vyombo vya jikoni, na nusu ya mshahara wanalipwa sufuria. Uwanja una paa na kuta tatu. Wanasafiri kwa basi, wakati mwingine usiku na mchana mzima. Nikamwuliza ananitakia nini mtu wa umri wangu.

"Winga ya kulia," akasema. "Ukimpita mtu, umempita. Ukinyang'anywa, umenyang'anywa. Sufuria unapenda rangi gani?"

Natakiwa kumjibu Trubnikov kabla ya Mei Mosi. Nikibaki nina mwaka mmoja wa hakika, kwenye ligi kubwa, na naweza kumaliza kazi yangu kama mtu mwenye heshima zake. Nikienda Rudnik hakuna atakayeandika jina langu tena, na goti likikataa hakuna daktari ila mganga wa farasi. Rudnik ni saa sita kwa treni kutoka kwako. Sitaji hilo kukuvuta upande wowote.

Umeniambia la kufanya tangu mama alipofariki, na hujawahi kukosea sana. Niambie na hili.

Savely


Nizhny Berezyak, 9 Aprili 1996

Savushka, mwanangu,

Plasta imetoka. Mkono uliokuwa ndani yake ni mwembamba na mweupe, kama wa mtu mwingine aliyekaa gerezani, lakini unaandika. Barafu ya sanduku imeanza kutoa jasho. Watoto wanateleza na maji yanawarukia mpaka mgongoni, na hakuna anayekubali kwamba imekwisha. Mukhtar amekuja na maoni yake kuhusu barua yako. Nimemwambia ayanywe pamoja na chai.

Nina jibu la swali lako. Nilikuwa nalo kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Sitaliandika.

Acha nikwambie sababu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu walipotuambia kwamba mji wetu utafunikwa na maji ya bwawa. Kila mwenye nyumba alipewa uchaguzi: aivunje gogo kwa gogo, ayafunge magogo pamoja, ayasafirishe juu ya mto na kuijenga upya huko waendako, au aiache na kuchukua fidia. Baba yangu alikuwa mtu mzuri asiyependa kuamua. Aliuliza mtaa mzima. Shemeji yake alisema vunja. Karani wa posta alisema vunja, ila acha paa. Kasisi wa zamani alisema mambo marefu. Baba akavunja, tukaelea na nyumba yetu siku nyingi, tukaijenga. Na miaka yote iliyobaki aliishi ndani ya nyumba ya watu wengine. Ukuta wa mashariki ukivuja, alimtaja shemeji. Paa likilia kwa upepo, alimtaja karani. Hata siku zilizokuwa nzuri, na zilikuwepo, hakuzifurahia kama zake, kwa sababu alikuwa ameshauriwa.

Mimi bado nasema "kwetu" nikimaanisha mahali ambapo sasa samaki wanapita mitaani. Ni tabia mbaya ya mzee, sina mpango wa kuiacha. Lakini nimejifunza kwamba mtu anaweza kuhamishwa na kocha, na serikali, na maji. Akishahamishwa vya kutosha, siku moja inafaa ahame mwenyewe.

Nimekwambia uvae kofia. Nimekwambia usioe yule mwimbaji, na nilikuwa sahihi, na ulimwoa. Nimekwambia unyooshe mgongo. Hili sikwambii. Sitaki basi likiharibika porini utaje jina langu, wala ukiwa kwenye bafu refu utaje jina langu. Usinipigie simu pale posta ujaribu kulisikia jibu katika sauti yangu. Naijua mbinu hiyo, nilikufundisha mimi.

Kula vizuri.

Kaleria


Rudnik, 8 Septemba 1996

Mama Mkubwa,

Natumaini u mzima na kwamba mwaka huu mpira wa maji anaushika Mukhtar nawe ndiye unayesimama na kutoa amri. Kama sivyo, nitajua. Nina mtu wangu huko.

Nakaa chumba kilicho juu ya duka la mikate. Saa kumi alfajiri sakafu inapata joto, paka wote wa mtaa wanalijua hilo na wananitembelea. Gleb ameniandikia: kocha amempeleka winga ya kushoto, safu ya nne. Anasema kitanda changu kimepewa mtu asiyekoroma na sasa yeye ndiye hapati usingizi. Ukuta wa nne wa uwanja wameuziba kwa turubai. Upepo ukivuma turubai linapiga makofi, na wachezaji wa hapa wanasema ndiye shabiki wetu mwaminifu kuliko wote.

Sijui jibu lako lilikuwa lipi. Nilikaa na barua yako ya Aprili wiki tatu nikiigeuza kwenye mwanga. Usiniambie kamwe.

Jana tumecheza mchezo wa kwanza wa msimu. Watu walikuwa kama mia tatu, wengi wao wamekuja na mito ya kukalia, wajanja. Nilipovaa jezi Yevsey hakunihutubia. Alisema, "Kulia," kama mtu anayekuonyesha choo kilipo.

Dakika za mwanzo nikapewa kisahani. Mstari wa kati, upande wangu, fimbo inaangalia ndani, na mbele yangu mabeki wawili, vijana wenye mashavu mekundu. Mama Mkubwa, mikono ilikuwa tayari kutupa. Mwaka mmoja tu, na tayari ilishajifunza. Ilikuwa imeshaanza kunyanyuka yenyewe. Mtu mmoja jukwaani akapiga kelele, "Tupa, mzee, utavunjika!" Nikaikatalia mikono. Nikashusha bega. Wa kwanza nilimpita. Alibaki akiangalia mahali nilipokuwa, na nilisikia mito mia tatu ikiinuka. Wa pili hakudanganyika. Alinisubiri, akaninyang'anya kwa utulivu kabisa, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi, akaondoka nacho, na kabla sijageuka kipa wetu alikuwa amelala kifudifudi na wavu nyuma yake ukitikisika.

Nikarudi kwenye benchi. Nikakaa mwisho kabisa, mahali ninapopajua. Nikachukua chupa ya maji, nikaanza kujifuta uso, nikingoja kidole kije kufuta jina langu.

Yevsey akaja akasimama mbele yangu. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Una jambo gani?" akauliza.

"Nimekipoteza."

"Nimeona. Watu wote wameona. Mbona umekaa?"

"Nangoja."

"Unangoja nini, Sava? Safu yako iko uwanjani, wanacheza wanne badala ya watano."

Nikaenda.

Savely